Toleo la Arobaini na Moja

Bi Timiro hakubisha hodi. Aliingia tu, vumbi la safari limemkaa mpaka kwenye nyusi, akasimama mbele ya meza ya Filsan na kupaza sauti iliyosikika hadi kwenye maduka ya dawa za mifugo ng'ambo ya barabara.

"Maziwa yangu ulikunywa, Filsan. Mkeka wangu uliukalia. Kumbe ulikuja kunichungulia uniibie!"

Filsan aliinuka haraka. Alimtambua mama huyu mara moja, maana wiki moja tu ilikuwa imepita tangu amkaribishe nyumbani kwake Kotile kama binti yake wa kumzaa.

"Eddo, kaa kwanza," alisema, akimwita shangazi kama anavyoitwa kwa adabu kila mwanamke wa umri ule. "Nimekuibia nini?"

"Sikai! Ng'ombe wangu sita wamefungiwa zizini pale sokoni tangu Jumamosi. Kawaleta Awil, yule dalali, eti ni wake. Nikasema haya, angalieni chapa kwenye paja. Wakafungua hiyo tovuti yako kwenye simu. Chapa ya marehemu mume wangu, tovuti inasema ni ya Awil! Nikauliza, nani kaandika upuuzi huu? Karani wa soko akabonyezabonyeza, akanisomea: imebadilishwa na Filsan Abdille. Jina la nani hilo? La jini?"

"Ni langu, eddo. Lakini mimi sikubadilisha kitu."

"Jina ni lako?"

"Ndiyo, langu."

"Basi yameisha. Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa ofisini kwa chama, mbele ya wazee. Keshokutwa Jumatano ni mnada. Ng'ombe wangu wakiuzwa, nitakuombea dua mpaka siku ya kufa, na dua gani sikuambii."

Akatoka. Filsan akabaki amesimama, uso unamwaka kama aliyezabwa kofi. Mwizi! Yeye! Katika mji huu wa Garissa ambao jina likishachafuka leo mchana, jioni limeshafika Masalani na kesho yake wanalizungumza watu wasiokujua hata sura.

Na si kwamba alikuwa mtu wa kazi za ovyo. Filsan alikuwa na miaka ishirini na saba, na kazi ya kutengeneza tovuti aliifanya kama wengine wanavyosuka mikeka, ukili kwa ukili. Chama cha wafugaji kilipomwita mwaka uliopita, kilikuwa na kompyuta moja iliyojaa takataka za fundi aliyemtangulia. Humo alikuta faili iitwayo "tovuti mpya", nyingine "tovuti mpya kabisa", nyingine "tovuti ya mwisho", na nyingine, Mungu shahidi, "tovuti ya mwisho wallahi". Hakuna aliyejua ipi ni ipi. Filsan alicheka mpaka machozi, kisha akakaa chini akaanza upya.

Alichowajengea ni daftari la chapa. Kila ukoo na kila boma lina alama yake ya moto kwenye ngozi ya mifugo, na alama hizo zilikuwa zimechorwa kwenye madaftari ya shule yaliyoanza kuliwa na mchwa. Yeye akaziingiza zote kwenye tovuti, kila chapa na jina la mwenyewe. Ng'ombe aliyepotea wakati wa ukame akionekana sokoni, unafungua simu, unaitazama chapa, unajua ni wa nani. Na ili mtu asichezee, aliweka utaratibu mkali. Kila badiliko, hata la nukta moja, lilihifadhiwa kama toleo jipya lenye namba, tarehe, saa na jina la aliyelifanya, na nafasi ya kueleza kwa nini. Matoleo ya zamani hayakuguswa. Juu ya hapo, kila Alhamisi alinakili kila kitu kwenye diski, akaenda kuifungia nyumbani kwa mama yake, kwenye sanduku la bati, pamoja na hati ya kiwanja. Watu walimcheka. Eti anafuga nakala badala ya mbuzi.

Sasa alivuta kiti, akafungua orodha ya matoleo. Nalo likawa pale, limekaa bila haya: toleo la arobaini na moja. Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Chapa ya boma la marehemu Abdisalam imehamishwa kwenda kwa Awil. Aliyebadilisha: Filsan Abdille. Nafasi ya maelezo, tupu.

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, Filsan alikuwa Kotile. Alikuwa amekwenda kupiga picha za chapa zenyewe ziwekwe mahali pa ile michoro ya zamani, na nje kule malishoni simu haishiki hata ukipanda juu ya kichuguu. Asingeweza kubadilisha kitu hata angetaka. Basi ni nani aliyeingia kwa jina lake? Hakuwa na haja ya kuumiza kichwa. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu mwingine mwenye neno lake la siri, na mtu huyo alikuwa Abshir, katibu wa chama, ndugu wa tumbo moja na mama yake.

Abti wake. Kwa Wasomali mjomba ni abti, naye abti humwita mpwa wake vivyo hivyo, abti, neno moja la kwenda na kurudi. Na abti haambiwi hapana. Miezi mitatu nyuma walikuwa wamemaliza chakula cha mchana kwa mama yake, Abshir anafuta mikono, akasema, "Abti, nipe hilo neno la siri, niwe naangalia kazi inavyokwenda."

"Nitakufungulia njia yako mwenyewe, yenye jina lako," Filsan alijibu. "Dakika mbili tu."

Abshir alicheka, lakini kicheko chenye mwiba. "Yangu? Kwani mimi na wewe ni watu wawili? Nikija kwako unaniingiza kwa mlango wa wageni?"

Mama akamtupia Filsan lile jicho. Kila binti wa Garissa analijua jicho lile. Filsan akaliandika neno la siri kwenye kipande cha karatasi, akampa mjomba wake kwa mikono miwili. Ndivyo alivyokosea, yeye fundi wa kuweka majina na saa kwenye kila nukta, na alijua anakosea wakati kalamu bado iko mkononi.

Sasa akafunga chumba chake cha kazi, akaenda moja kwa moja hadi ofisi ya chama. Alimkuta Abshir anakunywa chai, miguu ameinyoosha.

"Abti, wewe ndiye uliyebadilisha chapa ya Bi Timiro?"

Abshir hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililomkata Filsan maini. Alipuliza chai yake kwanza.

"Makelele ya nini, abti? Awil ni mtu wetu. Yule mama mumewe kafa, hana mtoto wa kiume, ile chapa itabaki na nani? Nimelitangulia tu jambo ambalo lingetokea."

"Umemwibia mjane! Na umemwibia kwa jina langu! Ulisubiri niende Kotile, niko nyumbani kwake nimekalia mkeka wake, ndipo ukaingia!"

"Punguza sauti. Sikiliza. Kesho wazee wakikuuliza, sema ulikosea, ulibonyeza pasipofaa. Wewe ni kijana, na msichana, watakusamehe papo hapo na chai juu. Mimi nikisema nimekosea, ukatibu umekwenda. Sasa niambie, lipi lina hasara ndogo kwa familia?"

Jamani! Alisema hivyo bila kupepesa macho, kama mtu anayechagua mbuzi wa kuchinja. Filsan hakutaka kusikia zaidi. Akageuka akaondoka.

Asubuhi iliyofuata alipopita kuchukua diski, mama yake, Bilan, alikuwa ameshapigiwa simu na kaka yake. Alimfungulia lile sanduku la bati bila kumtazama usoni.

"Baba yako alipokufa, nani alikusomesha?" Bilan aliuliza.

"Abti."

"Nani aliuza fahali wake ili ukasome hiyo kompyuta?"

"Abti, mama. Najua."

"Basi usimwaibishe kaka yangu mbele za watu. Neno dogo tu, mwanangu. Sema ulikosea, yapite."

"Nikisema nimekosea, mama, nani tena atanipa chapa yake niitunze? Nani atanipa hata picha ya duka lake? Nitaitwa Filsan yule aliyemnyang'anya mjane."

Bilan alimpa diski, akalifunga sanduku, akaenda kuchochea moto ambao tayari ulikuwa unawaka vizuri.

Ofisi ya chama ilijaa mapema. Viti vya plastiki havikutosha, wengine wakaegemea ukuta. Mwenyekiti, Mzee Duale, aliketi mbele pamoja na wazee watano wa kamati. Awil alikaa pembeni, nguo imepigwa pasi, anatabasamu kama bwana harusi. Bi Timiro aliketi kiti cha mbele kabisa, bakora magotini. Na Abshir, kwa kuwa ndiye katibu, ndiye aliyewasha projekta. Hebu fikiria! Mwizi ndiye anayemshikia hakimu taa.

Filsan aliombwa aeleze. Akaanza na diski. Akaonyesha ukutani nakala ya Alhamisi, siku tano kabla ya badiliko: chapa ile ile, nusu duara na kijiti chini yake, na jina la boma la marehemu Abdisalam. Wazee wakanong'onezana. Awil akakaa vizuri kwenye kiti.

"Kwa hiyo chapa ilikuwa ya mama huyu," alisema Mzee Duale, "kisha ikahamishwa."

"Ndiyo, adeer," alijibu Filsan, akimwita ami kwa adabu.

"Nani aliyeihamisha?"

Filsan alimtazama mjomba wake. Alimtazama kwa kumsihi, wallahi, alikuwa bado anamtilia imani. Alitaka aseme mwenyewe. Hata aseme amekosea, hata aseme kidole kiliteleza, mradi aseme yeye. Angempokea. Angemtetea hata mbele ya Bi Timiro.

Abshir akakohoa. "Mwenyekiti, tusibahatishe. Mashine hii haina undugu na mtu." Akafungua orodha ya matoleo, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mazishi: "Toleo la arobaini na moja. Jumanne iliyopita, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Aliyebadilisha, Filsan Abdille." Akawageukia watu, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Ni binti yetu. Ni kijana. Kuteleza kupo. Naomba mumsamehe."

Damu ilimchemka Filsan mpaka masikio yakavuma. Anamwombea msamaha! Anachukua kazi ya mikono yake, ule utaratibu alioujenga ili mtu asidhulumiwe, anamgeuzia yeye mwenyewe shingoni, na juu yake anamwaga asali! Alifungua mdomo. Akaliona jicho la mama yake, ingawa mama yake hakuwepo. Akaufunga.

"Rudia siku," ilikuwa sauti ya Bi Timiro.

"Jumanne, mama," alijibu Abshir.

"Na saa?"

"Saa nne na dakika kumi na mbili."

Bi Timiro aliinuka polepole, bakora ikagonga sakafu. "Jumanne ile msichana huyu alikuwa kwangu. Alifika jua halijawa kali, akaondoka baada ya swala ya adhuhuri. Saa nne mimi mwenyewe nilikuwa nimemshika fahali pembe ili huyu ampige picha chapa. Alikuwa anaogopa, nikamcheka. Simu yake ilikuwa haishiki, akawa anaizungushazungusha juu, nikamcheka tena." Akamgeukia Filsan. "Ile picha ya fahali, unayo?"

Filsan aliitoa simu. Kwa hasira akakosea kuifungua mara mbili. Picha ilikuwepo: fahali mwekundu, mkono wa Bi Timiro kwenye pembe, na chini yake tarehe na saa. Jumanne. Saa nne na dakika tisa. Simu ikazungushwa mkono kwa mkono kwa wazee wote watano, na kila mmoja aliitazama, kisha akamtazama Filsan, kisha akatazama chini.

"Jana nilikuita mwizi," alisema Bi Timiro. "Nilisikia jina nikawaka, sikuuliza siku wala saa. Nisamehe."

"Nimekusamehe, eddo."

Mzee Duale akapangusa paji la uso. "Kama si wewe, Filsan, ni nani mwingine ana neno lako la siri?"

Abshir alikuwa amezama kwenye simu yake kama mtu anayetafuta bei ya sukari. Hakuinua kichwa. Filsan akasubiri. Akahesabu pumzi zake mpaka kumi, na bado mtu mzima yule, mtu aliyemsomesha, hakuinua kichwa.

"Yupo mtu," Filsan akasema. "Na yumo humu ndani."

Nani asiyeelewa? Garissa nzima inajua nani ni mjomba wa nani. Mzee Duale alielewa upesi kuliko wote, akanyanyua mikono yote miwili kama anayezuia ng'ombe mlangoni.

"Basi, basi! Imetosha. Haya ni mambo ya nyumba moja, tusichimbuechimbue. Ng'ombe wa Bi Timiro watoke zizini sasa hivi. Awil, tutaongea mimi na wewe. Filsan, rudisha chapa kwa mwenyewe hapa hapa, tuone. Na hilo toleo la arobaini na moja, lifute kabisa, lisionekane. Ukilifuta, jina lako nalo linasafika. Leteni chai."

Watu wakapumua. Viti vikaanza kulia. Hata Abshir akaweka simu mfukoni, rangi imemrudia usoni.

"Chapa nitarudisha, adeer," alisema Filsan. "Toleo silifuti."

"Kwa nini? Si linakuchafua wewe?"

"Soko zima limeliona jina langu, adeer. Karani amelisoma, madalali wamelisoma, mpaka Kotile wamelisikia. Nikilifuta kwenye mashine, mtalifuta na vichwani mwao? Watasema kwanza aliiba, kisha akafuta. Na siku dalali mwingine akija na ng'ombe wa mjane mwingine, mtaniambia nifute nini tena? Mtajua mnafuga daftari au mnafuga uwongo?" Sauti ilikuwa imempanda, na hakuishusha. "Mnataka chai! Mama huyu ameteseka siku tatu juani akilinda mali yake isiuzwe, mimi nimeitwa mwizi mbele ya watu, na nyinyi mnaagiza chai!"

Filsan akavuta kompyuta kutoka mbele ya mjomba wake, akaketi. Ukutani, mbele ya wote, chapa ikarudi mahali pake, na jina la boma la marehemu Abdisalam likarudi chini yake. Kisha akafungua nafasi ya maelezo, ile iliyoachwa tupu, akaanza kuandika. Waliojua kusoma waliyaona maneno yakitoka moja moja. Mzee mmoja akasema astaghfirullahi. Abshir akainama mpaka karibu na sikio la mpwa wake.

"Andika katibu," alinong'ona. Sasa sauti yake haikuwa tena ya mtu anayekunywa chai. "Andika na jina langu, sawa. Lakini neno abti liache. Nakuomba, liache hilo tu."

Filsan hakusimamisha vidole.

"Kimeandikwa nini?" Bi Timiro akauliza kwa sauti. "Mbona mmeganda? Mimi sikwenda shule, pale ukutani naona michirizi tu. Filsan, nisomee."

Kuandika Filsan alikuwa ameweza. Vidole havina haya. Lakini kulitamka kwa mdomo, kwa Kisomali, mjomba amesimama hatua moja kutoka begani pake, hilo hakuwa amelipanga. Akamtazama Bi Timiro, aliyekuwa amesimama na bakora yake anasubiri, hana haraka yoyote.

"Nimerudisha chapa ya marehemu Abdisalam kwa mjane wake, Timiro," alisoma. "Toleo la arobaini na moja, lililompa Awil chapa hii, sikulifanya mimi. Lilifanywa kwa jina langu na Abshir, katibu wa chama."

Akaishia hapo. Nje walisikika ng'ombe wakisukumwa barabarani.

"Endelea," alisema Bi Timiro. "Naona bado michirizi."

"Ni abti yangu," Filsan akasema, machozi yanamtoka na hasira haijapungua hata chembe. "Nilimpa neno langu la siri kwa sababu ni abti yangu."

Kisha akabonyeza kuhifadhi, na toleo la arobaini na mbili likaingia, saa nne kasorobo asubuhi, kwa jina lake.